Herufi Kubwa Zilivyoimeza Werugha

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa ukubwa wa herufi.

Nilikabidhiwa kazi ya kuchora ramani ya Taita kwa tarakilishi, ibandikwe ukutani Siku ya Wazazi. Nilitumia QGIS, programu isiyolipiwa, ambayo Gary Sherman aliianzisha mwaka wa 2002. Nikawaza, "Wazee hawaoni vizuri, wacha herufi ziwe kubwa!" Majina yote nikayapa pointi 24.

Siku ilipowadia, mama mmoja aliikodolea macho ramani ile, akaniuliza, "Mwanangu, kwani sisi wa Werugha tumehamishwa?" Nikatazama. Wundanyi ilikuwapo. Werugha, nukta tu, jina hakuna! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe programu haikukosea. Majina mawili yakigombania nafasi moja, QGIS hulificha moja ili yasilaliane. Werugha iko karibu na Wundanyi, na herufi zangu zilikuwa zimejaza nafasi yote.

Basi hebu nikupe siri. Kwanza, bofya tabaka la miji mara mbili, ufungue sehemu ya lebo, utafute ukubwa wa maandishi. Usitazame nambari pekee, tazama na kipimo chake. Pointi 72 ni inchi moja, kwa hivyo pointi 10 ni kama milimita 3.5. Ukubwa huo haubadiliki hata ukiivuta ramani karibu au mbali. Lakini ukichagua mita za ardhini, herufi hukua na kunywea pamoja na ramani. Herufi ya mita 150 ni milimita 3 kwenye skeli ya 1:50,000. Kwenye 1:250,000 ni milimita 0.6. Hapo hata mwenye miwani hasomi!

Pili, usiyape majina yote ukubwa mmoja. Sasa mimi Voi naipa pointi 20, Wundanyi 16, Werugha 12. Ukubwa huo unaweza kuuandika katika safu ya jedwali la miji, nayo programu ikausoma yenyewe.

Tatu, usiamini kioo cha tarakilishi. Chapisha nakala moja, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua mbili, kisha utafute kila jina.

Ramani mpya iko tayari. Siku ya Wazazi ijayo nitamtafuta mama yule, nimwonyeshe kwao.