Shinyalu: Mtalii na wajibu wake katika kisiwa cha miti

KISIWA kwa kawaida huzungukwa na bahari. Kile kilicho Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, kimezungukwa na mashamba ya mahindi, miwa na chai.

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki zaidi cha misitu ya mvua iliyopata kuenea kutoka Kongo kupitia Uganda. Hifadhi yote ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 240, na sehemu kubwa ya miti ya kiasili imekwisha kukatwa.

Kutengwa huko ndiko kunakoufanya msitu uwe dhaifu. Mnyama au ndege akitoweka, ni vigumu wengine kutoka msitu mwingine na kujaza pengo lake. Kasuku wa kijivu, ambaye nchini Kenya makao yake ni Kakamega, amesalia kwa idadi ndogo mno.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayezuru kituo cha Isecheno, Shinyalu, kinachosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ana wajibu mkubwa kuliko kulipa kiingilio tu.

Kwanza, asiwalishe kima wala mbega. Nyani aliyezoea chakula cha binadamu hupoteza woga, kisha huvamia mashamba yaliyo kandokando ya msitu. Mtalii hurudi kwao na picha. Hasara humbakia mkulima, naye huanza kumwona mnyama kuwa adui. Aidha, mafua ya binadamu yanaweza kumwambukiza mnyama.

Pili, afuate vijia vilivyopo. Miche michanga hukua taratibu chini ya kivuli, na njia mpya ya mkato huikanyaga na kumfungulia mlango mkata miti.

Tatu, asiende na chupa za maji za plastiki za kutumiwa mara moja. Tangu Juni 5, 2020, bidhaa hizo zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya.

Nne, aulize nyumba anayolala inapikia na kuchemshia maji kwa nini. Ikiwa ni kuni au makaa, inafaa kujua yametoka wapi, kwa kuwa mahitaji ya kuni ni miongoni mwa mambo yanayoumaliza msitu.

La tano na kubwa zaidi ni fedha. Kuajiri mwongoza watalii wa papo hapo, kula kwa wenyeji na kununua bidhaa zao kunabakisha mapato kijijini. Mradi wa elimu ya mazingira wa KEEP ulianzishwa mwaka 1995 na waongoza watalii wenyeji. Kundi la wakulima la Muliru nalo hukuza mmea wenye harufu ya kafuri unaotengenezwa dawa ya kujipaka iitwayo Naturub, na mwaka 2010 lilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mifano hiyo yaonyesha kwamba msitu uliosimama unaweza kumlisha jirani yake. Mzazi wa Shinyalu anayelipa karo kutokana na msitu ana sababu ya kumkanya anayeukata. Asiyepata chochote, huona kuni na mbao tu. Matumizi ya mgeni, hata ya siku mbili, huongeza uzito upande mmoja au ule mwingine.