Mchezo ukikwama, usikimbilie kununua kadi mpya

NI Jumamosi alasiri na shule zimefungwa. Umeketi sebuleni ukipekua gazeti, mara mwanao wa shule ya upili anakujia kwa unyenyekevu usio wa kawaida.

"Baba," anaanza, "kompyuta yetu imechoka. Gemu zinakwamakwama. Wenzangu wanasema tukinunua kadi ya michoro yenye kumbukumbu kubwa, shida yote itaisha."

Wewe, ambaye kadi unazozijua ni za benki na za harusi, unabaki umetumbua macho. Ukikataa, utaonekana mzazi bahili. Ukikubali, huenda ukachota pesa za karo na kununua kifaa ambacho hakitabadilisha chochote.

Je, ni kweli kwamba kumbukumbu zaidi huufanya mchezo wa kompyuta ukimbie? Jibu ni ndiyo, na pia la. Tulia basi, msomaji, tulizungumze jambo hili polepole. Si gumu kama baadhi ya wauzaji wanavyolifanya lionekane.

MEZA YA MPISHI

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila picha unayoiona kwenye skrini wakati wa mchezo. Ina vitu viwili vya kuzingatia. Cha kwanza ni chipu, ambayo ndiyo mchoraji mwenyewe. Cha pili ni kumbukumbu ya kadi, ambayo kwenye maboksi huandikwa VRAM. Hii si ile RAM ya kompyuta, wala si diski unamohifadhi barua na picha zako.

Mfikirie mpishi wa mkahawa wakati wa chakula cha mchana. Chipu ni mpishi. VRAM ni meza iliyo kando ya jiko lake, ambapo nyama, vitunguu, nyanya na unga vimepangwa tayari. RAM ya kompyuta ni stoo iliyo upande wa pili wa ua. Diski ni soko.

Kila kinachohitajika kikiwa mezani, mpishi hunyoosha mkono tu. Meza ikijaa, kijana wa kazi hulazimika kukimbia stoo kwa kila agizo jipya, huku wateja wakingoja. Ndivyo mchezo unavyokwama: unakimbia vizuri, unaganda nusu sekunde, kisha unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini hebu jiulize. Ukimpa mpishi mzembe meza ndefu kama ya karamu, atapika upesi zaidi? Hata kidogo! Meza kubwa humfaa tu yule ambaye meza yake ya kwanza ilikuwa imejaa. Ukilishika hili, hutadanganywa dukani.

KINACHOJAZA MEZA

Wengi hudhani kwamba skrini ndiyo inayokula kumbukumbu. Tupige hesabu. Skrini ya kawaida ya leo ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikichukua baiti 4, picha nzima ni kama megabaiti 8 tu. Kwa kadi ya gigabaiti 8, hicho ni kipande kidogo mno, ingawa mchezo huhitaji kuweka picha kadhaa za namna hiyo kwa wakati mmoja.

Mlaji mkubwa ni mwingine. Kila ukuta, kila jezi, kila uso na kila jani katika mchezo limefunikwa kwa picha, na picha hizo wenye ujuzi huziita tekscha. Tekscha moja ya pikseli 4,096 kwa 4,096 huchukua megabaiti 64. Hata ikifinywa kwa mbinu ambazo michezo hutumia, bado hubaki kama megabaiti 16. Sasa fikiria mtaa mzima wenye magari, maduka na watu, kila kimoja na tekscha zake.

Zamani mambo yalikuwa madogo. Mwaka wa 1996, kampuni ya 3dfx ya Marekani ilipotoa chipu yake ya Voodoo Graphics, kadi nyingi zilizoitumia zilikuwa na megabaiti 4: mbili za picha ya skrini na mbili za tekscha. Vijana wa wakati huo waliziona kama muujiza. Leo kadi ya gigabaiti 8 ina kumbukumbu zaidi ya mara 2,000 ya hiyo, na bado utasikia watu wakilalamika kwamba haitoshi.

Sababu moja ni mashine za michezo za kuunganishwa na televisheni. PlayStation 4 ya mwaka wa 2013 ilikuwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu zinazotumiwa na mashine nzima. PlayStation 5 na Xbox Series X za mwaka wa 2020 zilikuja na gigabaiti 16. Watengenezaji walipoanza kuziacha mashine za zamani, walijaza michezo yao tekscha kubwa zaidi, na mzigo huo ukawafikia wenye kompyuta.

Mchezo wa The Last of Us Part I ulipotolewa kwa kompyuta mwezi Machi mwaka wa 2023, wenye kadi za gigabaiti 8 waliona moto hadi marekebisho yalipotolewa. Nao Indiana Jones and the Great Circle wa Desemba 2024 ulitaka kadi ya gigabaiti 8 kama kiwango cha chini kabisa.

MAPACHA WAWILI

Unataka ushahidi? Kampuni ya NVIDIA ilitupa jaribio zuri mwaka wa 2023. Ilitoa kadi ya RTX 4060 Ti ya gigabaiti 8 kwa dola 399 za Marekani, kisha miezi michache baadaye ikatoa ya gigabaiti 16 kwa dola 499. Chipu ni ile ile. Kasi ya kumbukumbu ni ile ile, gigabaiti 288 kwa sekunde. Tofauti kubwa ni ukubwa wa meza, nayo iliongezewa dola 100.

Katika michezo inayotoshea ndani ya gigabaiti 8, mapacha hao hukimbia karibu sawa. Aliyelipa dola 100 zaidi haoni faida yoyote. Lakini katika michezo mizito, tekscha zikiwekwa juu kabisa, yule mdogo huanza kugandaganda, au mchezo humpa picha zenye ukungu ili kuokoa nafasi, ilhali mkubwa anaendelea bila jasho.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Ili mchezo uonekane laini, kadi huchora picha 60 kwa sekunde. Kwa muda wa picha moja, RTX 4060 Ti inaweza kusoma karibu gigabaiti 5 kutoka kumbukumbu yake yenyewe. Ikilazimika kwenda stoo, yaani RAM ya kompyuta, njia yake hupitisha kama gigabaiti 16 kwa sekunde. Kwa muda ule ule wa picha moja, itapata robo gigabaiti na kidogo. Katika kompyuta za zamani kidogo, njia hiyo ni nyembamba zaidi na kiasi hicho hupungua kwa nusu.

MTEGO WA NAMBA KUBWA

Ukipita Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi, utakuta kadi nyingi zilizotumika na mpya. Swali la kwanza la mnunuzi huwa, "Ni ya gigabaiti ngapi?" Mwenye duka akisema nne, mnunuzi anatabasamu. Hapo ndipo mtego ulipo.

Chukua kadi mbili za mwaka wa 2014. GeForce GT 730 hupatikana ikiwa na gigabaiti 4 za kumbukumbu ya polepole aina ya DDR3. GeForce GTX 750 Ti ya kawaida ina gigabaiti 2 tu, lakini ni za aina ya GDDR5. Anayetazama namba pekee atachukua ya kwanza na kwenda nyumbani akipiga mluzi.

Kumbe hiyo GT 730 ya DDR3 haipitishi hata gigabaiti 30 kwa sekunde, wakati GTX 750 Ti hupitisha kama 86, tena ina chipu yenye nguvu zaidi. Mpishi mzembe amepewa meza ya karamu, na mpishi hodari amepewa meza ndogo. Mkahawa wa hodari ndio utakaoshiba wateja. Kabla ya kuuliza gigabaiti ngapi, uliza jina kamili la kadi na aina ya kumbukumbu yake.

Jihadhari pia na kadi bandia. Kuna kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa mpya na zenye kumbukumbu nyingi. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzitambua nyingi kati ya hizo. Mwombe muuzaji aichomeke kadi na kuifungua programu hiyo mbele yako kabla hujatoa hata shilingi. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo jingine: kumbukumbu ya kadi imelehemiwa. Huwezi kuiongeza baadaye kama unavyoongeza RAM ya kompyuta. Miaka ya 1990 baadhi ya kadi zilikuwa na nafasi ya kuchomeka nyongeza, lakini siku hizo zimepita. Atakayekuambia atakuongezea VRAM kwa programu anakuuzia hewa.

PIMA KABLA YA KULIPA

Sasa rudi sebuleni kwa mwanao. Mwambie aufungue mchezo unaomsumbua, acheze dakika kumi, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Windows 10 na Windows 11 itafunguka Task Manager. Aende sehemu ya Performance, kisha GPU. Hapo ataona namba mbili: kumbukumbu ya kadi yenyewe, na kumbukumbu ya kuazimwa kutoka RAM.

Ile ya kwanza ikiwa imejaa pomoni, na ya pili ikizidi kupanda huku mchezo ukigandaganda, mtoto ana hoja. Meza imejaa.

Hata hivyo, msiende dukani bado. Aingie kwenye mipangilio ya mchezo na kushusha tekscha daraja moja, bila kugusa kitu kingine. Michezo mingine, kama Grand Theft Auto V, huonyesha papo hapo kumbukumbu iliyotumika na iliyobaki. Mkwamo ukiisha, tatizo limepona bila gharama. Mara nyingi jicho halitaona tofauti kubwa kwenye skrini ndogo.

Tekscha zikishuka na mchezo ubaki mzito vile vile, apunguze ukubwa wa picha ya skrini. Mchezo ukichangamka, chipu ya kadi ndiyo dhaifu, na kumbukumbu zaidi pekee haitaiponya. Usipochangamka hata hapo, huenda shida haiko kwenye kadi kabisa, bali ni ubongo wa kompyuta, joto jingi au RAM iliyojaa.

WASIO NA KADI

Familia nyingi hazina kadi ya michoro ya kando. Zina kipakatalishi, au zile kompyuta za ofisini zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa huku. Hizi huchora kwa chipu ndogo iliyo ndani ya ubongo wa kompyuta, nayo hutumia RAM ya kawaida kama meza yake.

Kwa watu hawa habari ni njema. Kompyuta yenye kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4-2400 hupitisha kama gigabaiti 19 kwa sekunde. Ukiongeza cha pili kinacholingana nacho, na kompyuta ikiwa na nafasi mbili, njia huwa mbili na kasi hiyo huongezeka maradufu. Kwa michezo myepesi, hatua hiyo yaweza kuleta nafuu ya kuonekana, na itafaa pia kazi za masomo.

Ukiamua kununua kadi kwa kompyuta nyembamba ya ofisini, pima kwanza nafasi iliyo ndani. Nyingi hukubali kadi fupi tu, na umeme wake ni mdogo. Kadi kubwa inaweza kukosa pa kuingia, au kompyuta ikakataa kuwaka.

Na je, anayenunua kadi mpya leo achague ipi? Kama lengo ni michezo mipya kwa miaka kadhaa ijayo, gigabaiti 12 au 16 ni busara, mradi chipu iwe na nguvu ya kuzitumia. Mwaka wa 2025, Radeon RX 9060 XT ilizinduliwa kwa dola 299 ikiwa na gigabaiti 8, na dola 349 ikiwa na 16. Kwa pengo kama hilo, kubwa ndiyo nafuu. Kama nyumbani ni kandanda na michezo ya miaka iliyopita, gigabaiti 8 bado zinatosha, na pesa zinazobaki zina kazi nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla hujamjibu mwanao, mpe daftari na wiki moja. Aandike jina la kila mchezo, kumbukumbu iliyotumika, na lililotokea alipozishusha tekscha. Akirudi na ukurasa uliojaa, mketi pamoja muusome. Huenda ukanunua kadi, huenda ukanunua kipande cha RAM, na huenda msinunue chochote.

Vyovyote itakavyokuwa, yeye atakuwa amejifunza kupima jambo kabla ya kuliamini, na pesa za karo zitakuwa bado ziko mahali pake.