Alizeti, Nyuki wa Asubuhi na Wauza Dawa ya Maradhi Yote

Kila msimu wa mavuno ya alizeti unapowadia, na madumu ya mafuta yakaanza kupangwa kandokando ya barabara ya Singida na Dodoma, wasomaji hutuletea maswali yale yale: je, ni kweli kwamba mafuta haya yanaponya presha, kisukari na vidonda vya tumbo, na je, ua la alizeti hulifuata jua mpaka siku ya kuvunwa? Nitaanza na hili la pili, kwa kuwa ndani yake imo hekima inayoonyesha manufaa ya mmea huu yanatoka wapi.

Unaolifuata jua ni mche mchanga, wala si ua lililokomaa. Mchana upande wa shina ulioelekea mashariki hurefuka upesi kuliko ule wa magharibi, hata kichwa kikainama taratibu kuelekea machweo. Usiku upande wa magharibi nao hurefuka kwa zamu yake, na kabla ya alfajiri kichwa kimekwisha rejea mashariki, kinalingoja jua ambalo bado halijachomoza. Hapo ndipo penye ajabu, maana gizani hamna nuru ya kuliongoza shina: huongozwa na saa ya maumbile iliyomo ndani ya mmea wenyewe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2016 katika jarida la Science, waliichukua miche iliyokwisha zoea jua la nje wakaiweka chini ya taa isiyosogea, nayo kwa siku kadhaa ikaendelea kuyumba mashariki na magharibi kana kwamba jua lingali likipita juu yake; na ile waliyoigeuza ili isiweze kulifuata jua ilipungua uzito na upana wa majani kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi.

Shina likiisha kurefuka, harakati hizo hukoma, na ua hubaki limeelekea mashariki. Faida yake ni nini? Ua hilo hupata joto mapema, na wataalamu wale wale walipoyageuza maua mengine yakaelekea magharibi, waliona kwamba asubuhi nyuki waliyaendea yale ya mashariki mara tano zaidi. Na walipoyapasha moto yale ya magharibi kwa mashine, nyuki waliongezeka. Ikumbukwe kwamba kichwa kimoja cha alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi, vinavyofunguka kuanzia ukingoni kwenda kati, na kila kijiua hutoa chavua kwanza, ndipo baadaye kikawa tayari kupokea chavua ya kingine. Basi mdudu wa kuihamisha ndiye anayejaza mbegu. Mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu asubuhi, shamba likiwa limechanua, anawaua vibarua wake mwenyewe.

Ama kuhusu tiba, subira yangu imekwisha. Mafuta ya alizeti ni chakula chema: yana vitamini E, na yakitumiwa badala ya samli au mafuta yanayoganda, hupunguza lehemu mbaya katika damu. Nasema badala, si kuongezea, kwani kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 120. Tena iko hospitali moja ya Dhaka, nchini Bangladesh, ambako utafiti uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta haya ngozini walipatwa na maambukizi kwa uchache kuliko wenzao. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya matabibu wodini, na haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuuza chupa kwa jina la dawa ya maradhi yote. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini anywe mafuta mabichi ni laghai, na madhara ya ulaghai wake huyalipa mgonjwa kwa uhai wake.

Wauzaji hao hawaitaji hata mara moja hatari iliyo dhahiri, nayo ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliikuta katika mbegu na mashudu ya wakamuaji wadogo wa Tanzania. Mbegu zikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hiyo husalia katika mashudu, na ng'ombe akilishwa mashudu hayo, sumu humfikia mtoto kwa njia ya maziwa.

Basi, kausha vichwa juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Weka magunia juu ya chaga. Usinunue dumu lililoshinda juani, kwa kuwa nuru na joto huyachachusha mafuta. Ukilazimika kunyunyiza dawa, nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamekwisha rejea mizingani. Na wewe mwenye presha au kisukari, kaangia mafuta ya alizeti kwa kiasi, wala usiache dawa uliyopewa na daktari wako.