Nyanya Inanyauka na Udongo Umelowa? Kata Shina Kabla ya Kufungulia Maji

Wiki hii nimetumiwa picha tatu za nyanya zilizonyauka zikiwa bado kijani, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, niongeze maji?"

Mimi mwenyewe niliwahi kujibu ndiyo. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Kijana mmoja alinionyesha mashina kama kumi yanayolala mchana na kuinuka jioni. Nikamwambia afungulie mfereji. Wiki mbili baadaye ugonjwa ulikuwa umeshuka na maji, mstari mzima umekauka. Hata kuchomeka kidole kwenye udongo sikufanya. Ulikuwa umelowa.

Shida ilikuwa njia ya maji ndani ya mmea. Shina lina mirija myembamba sana. Huanza kama seli hai zilizopangana moja juu ya nyingine; zinajijengea kuta ngumu, kisha zinakufa, na kuta za katikati zinayeyuka. Linabaki bomba tupu, na halina pampu. Jani likipoteza mvuke, maji yanavutwa kutoka mizizini. Ndiyo maana mmea uliozibwa huanguka saa saba mchana, jua likivuta zaidi. (Sukari ina mirija yake, na hiyo ni hai.)

Bakteria wa mnyauko huingilia vidonda vya mizizi, mfano ukipalilia kwa jembe karibu na shina. Wanazaliana kwenye mirija na ute wao unaiziba.

Kupima ni bure. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kishikilie wima kwenye glasi ya maji safi, upande wa chini ukizama kidogo, usitikise. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni bakteria. Usipoziona, na majani ya chini yalianza na unjano, shuku mnyauko wa fuzari.

Dawa ya kuponya mmea huo hakuna, hata muuza pembejeo akuapie. Ng'oa na udongo wake, tia kwenye mfuko, usitupe mferejini. Funga maji ya mstari huo, osha jembe. Baadaye panda mahindi au vitunguu; pilipili, bilinganya na viazi mviringo ni ndugu wa nyanya, wataugua pia.

Yule kijana alilima vitunguu pale misimu kadhaa. Aliporudi kwenye nyanya alinunua miche iliyobebeshwa juu ya mizizi ya aina inayovumilia mnyauko. Bei yake iko juu, piga hesabu kwanza.