Poti, Sabuni na Tundu la Choo: Vifaa vya Kumwachisha Mtoto Nepi Ufipa

Mtoto anayeachishwa nepi anahitaji vitu vichache: poti, nguo zinazovulika upesi, vitambaa vya kubadilisha, kinga ya godoro, maji, sabuni, na choo ambacho baadaye atakitumia mwenyewe bila hofu. Vingi kati ya hivyo tayari vimo katika nyumba za Sumbawanga mjini, Laela, Namanyere na Matai. Kinachopungua mara nyingi ni mpangilio. Poti ipo lakini sabuni iko jikoni; choo kipo lakini tundu lake limekatwa kwa kipimo cha mtu mzima.

Hali ya hewa ya Ufipa, uwanda wa juu mkoani Rukwa, nayo ina neno lake katika jambo hili. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi kukaribia nyuzi 10, na upepo hauna kizuizi kwa kuwa sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi tupu. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua. Kwa hiyo mtoto huvalishwa nguo nyingi, mwili uliopigwa na baridi hutengeneza mkojo mwingi zaidi, na kukausha nguo huwa kazi kwa nusu ya mwaka. Vifaa vinavyomtosha mama wa Dar es Salaam, ambaye mwanawe anaweza kushinda na chupi tu, havimtoshi mama wa Ufipa.

Kabla ya kununua chochote, mzazi aangalie kama mtoto yuko tayari. Watoto wengi huonyesha dalili kati ya miezi 18 na miaka mitatu: hukaa wakavu kwa saa mbili hivi, huchuchumaa na kuinuka bila kuyumba, huelewa agizo fupi, hujificha nyuma ya mlango au kukunja uso haja inapowabana. Mtazamo wa kumsubiri mtoto mwenyewe ulienezwa na daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, katika makala yake ya mwaka 1962. Si njia pekee. Mwaka 1977 Marten deVries na Rachel deVries walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, waliokuwa wakianza kumzoesha mtoto wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Mama alikaa chini akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati akitazama mbele, kisha akatoa sauti maalumu ya kumhimiza akojoe. Mtoto wa miezi mitano au sita alitarajiwa kuwa mkavu mchana na usiku. Hapakuwa na kifaa chochote zaidi ya miguu ya mama, sauti yake na uangalifu wa siku nzima. Uangalifu huo ndio ulio ghali. Mama anayefungua genge alfajiri, au anayemwachia bibi mtoto msimu wa kilimo, hana namna ya kuutoa, na hapo ndipo poti inapomsaidia.

Si lazima poti iwe ya gharama. Ile ya plastiki ya kipande kimoja, inayouzwa madukani na minadani pamoja na ndoo na mabeseni, inafaa kuliko zile zenye muziki na magurudumu, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa uchafu kujificha. Mnunuzi aigeuze na kuikagua. Kitako kiwe kipana kuliko mdomo ili isipinduke mtoto anapoinuka. Ukingo uwe laini. Kidole kikipitishwa kuuzunguka kitagundua makali ya plastiki yaliyoachwa kiwandani, yale yanayochubua mapaja. Kwa mtoto wa kiume, sehemu ya mbele iwe imeinuka kidogo ili mkojo usirukie nje. La muhimu kuliko yote, mtoto akikaa nyayo zake zote mbili ziguse sakafu na magoti yapande kidogo juu ya nyonga, kwani mkao huo hurahisisha choo kutoka. Poti ndefu inayoacha miguu ikining'inia humnyima mahali pa kujikazia. Zile poti za bati zilizobaki katika nyumba za wazee ni imara, lakini asubuhi ya Julai huwa baridi kama jiwe la mtoni, na mtoto akishtuka mara moja anaweza kuzikataa kwa siku nyingi. Kama ndizo zilizopo, zisuuzwe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumkalisha.

Poti ikae mahali pamoja, panapoonekana na mtoto. Siku za mwanzo akalishwe na nguo zake ili aizoee tu. Baadaye akalishwe kila anapoamka na baada ya kila mlo, maana tumbo linapojaa utumbo nao huchangamka. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Kumlazimisha akae mpaka atoe kitu humfanya aichukie.

Kinachofuata baada ya mtoto kujisaidia ndicho chenye uzito mkubwa kuliko ununuzi wote. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mkoa unaolima mahindi, maharage, ulezi na ngano kwa wingi haupaswi kuwa na watoto wafupi kiasi hicho. Chakula kisicho na mchanganyiko ni sababu mojawapo. Nyingine ni vijidudu vinavyoingia tumboni mara kwa mara, vikauchosha utumbo hata ukashindwa kunyonya virutubisho ipasavyo. Mtoto anayetambaa kwenye udongo uliochafuliwa huvipata kwa kulamba vidole. Katika vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda, kipindupindu kimewahi kuzuka zaidi ya mara moja.

Imani kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara imeenea sana, na si kweli. Watoto huugua kuhara mara nyingi kuliko watu wazima, hivyo kinyesi chao hubeba vimelea vingi. Kumwaga poti nyuma ya nyumba, kwenye mfereji au kwenye jalala ambalo kuku wanachakura ni kuvirudisha vimelea uani. Kinyesi kimwagwe ndani ya choo, poti isuguliwe kwa sabuni na brashi yake yenyewe, maji ya kuisuuzia nayo yaishie chooni, kisha ianikwe juani. Hata hivyo haifai kuipa poti sifa isiyokuwa nayo. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, baadhi ya kaya zilipewa poti za watoto, vifaa vya kuzolea kinyesi na vyoo vilivyoboreshwa. Watoto wa kaya hizo hawakurefuka kuliko wenzao. Usafi bila lishe bora haumrefushi mtoto, na poti moja haizuii uchafu unaotoka kwa jirani na kwa mifugo. Lakini nyumba isiyozoa kinyesi cha mtoto wake haijaanza hata hatua ya kwanza.

Katika nguo, kanuni ni moja: mtoto aweze kuzishusha mwenyewe. Bukta au suruali ya mpira kiunoni inafaa, na kwa baridi ya Ufipa ile ya kitambaa kizito cha mtumba ni bora. Zipu, mkanda, vifungo na ovaroli viwekwe kando kwa miezi michache. Juu avae sweta fupi lisilofika mapajani, na miguuni soksi na viatu ili ahimili baridi hata akivua chini. Chupi ziwe nane au kumi. Wakati wa kiangazi chache zingetosha, kwa kuwa upepo wa uwandani hukausha nguo kwa saa chache, ila masika chupi iliyofuliwa leo huenda isikauke kesho. Familia nyingi hukausha nepi na chupi ndani, juu ya jiko la mkaa. Desturi hiyo ni ya hatari, kwani jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua waliolala, na mtoto anaweza kuliangukia. Kamba chini ya paa la baraza ni salama zaidi, na pasi humalizia unyevu uliobaki.

Nepi za kutupa, maarufu kwa jina la pampasi, zina nafasi ndogo katika kipindi hiki. Chembe zilizomo hunyonya mkojo mpaka mtoto asihisi unyevu, naye asipohisi hana cha kumfundisha. Zinafaa safarini, kwa mfano katika basi la kwenda Mbeya kupitia Tunduma. Zikishatumika zisitupwe kwenye choo cha shimo: haziozi, hunyonya maji, huvimba na kulijaza shimo kabla ya wakati wake.

Usiku una mahesabu yake. Mtoto anaweza kuwa mkavu mchana akiwa na miaka miwili na nusu na bado akalowesha kitanda mpaka anakaribia kuanza darasa la awali. Hilo ni jambo la kawaida la ukuaji wa mwili, si ukaidi. Kinga ya godoro ni mpira wa kutandika, aina ileile ambayo mama mjamzito hununua kwa mita kwa ajili ya kujifungulia. Kipande kipya kilichobaki kinatosha, kikitandikwa shuka au kanga nzito juu yake ili mtoto asilale kwenye ubaridi wa plastiki. Poti iwe karibu na kitanda pamoja na tochi. Kumtoa mtoto nje usiku wa manane, kwenye upepo, hadi choo kilicho mwisho wa uwanja ni adhabu kwake na kwa anayempeleka.

Choo chenyewe kina historia ndefu ya kuhimizwa nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwafanya wananchi wengi wachimbe vyoo, na katika miaka ya karibuni kampeni ya Nyumba ni Choo imesukuma ujenzi wa vyoo bora. Lakini choo kilichopita ukaguzi bado kinaweza kumtisha mtoto wa miaka mitatu. Anaona giza, anasikia mwangwi, na nyayo zake hazifiki kwenye sehemu mbili za kukanyagia. Hofu yake ina msingi. Tundu lipunguzwe kwa bamba dogo la zege au ubao imara wenye tundu jembamba ambalo mtoto hawezi kupenya, na liwe na mfuniko wenye mpini mrefu, ambao pia huzuia nzi. Mlango uachwe wazi anapokuwa ndani, na mtu mzima asimame karibu mpaka atakapozoea.

Nje ya mlango wa choo, si jikoni, pawe na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Dumu la lita tano hutobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto, hutundikwa kwenye mti wa mlalo, na kamba kutoka shingoni mwake hufungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Kijiti kikikanyagwa dumu huinama na maji huchirizika bila mikono kuligusa. Kipande cha sabuni ya mche hutobolewa katikati na kuning'inizwa kando. Kwa mtoto dumu lishushwe, liwe usawa wa kifua chake. Kopo la kujisafishia liwe dogo lenye mkono, na mtoto wa kike afundishwe kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma.

Msimu wa kilimo huwavuta wazazi na watoto hadi mashamba ya mbali yasiyo na choo. Huko kifaa ni jembe: mtoto achimbiwe shimo mbali na kijito, kisha lifukiwe.

Choo kigumu huharibu mafunzo yote haya, kwa kuwa mtoto aliyeumia hujizuia, na kujizuia huzidisha ugumu. Ugali mtupu na maji machache ndivyo vinavyoleta tatizo. Maharage, majani ya maboga, parachichi na papai hulipunguza. Mtoto anayelia akikojoa, anayetoa damu, au aliyekuwa mkavu kwa miezi kisha akaanza upya kujikojolea apelekwe zahanati, asichapwe.

Familia yenye uwezo wa kununua vitu viwili tu mwezi huu inunue poti ya kipande kimoja na sabuni ya mche, kisha itengeneze mfuniko wa tundu la choo kabla mvua za Novemba hazijaanza.