Mashine ya Kukimbilia Nyumbani: Sakafu na Stima Kwanza

Mashine ya kukimbilia, ambayo wengi huiita tredimili, ni mkanda unaozungushwa na mota juu ya ubao ili mtu akimbie bila kutoka alipo. Huko Bokoli, Webuye Magharibi, mtu anaweza kuuliza ni ya nini. Njia za mashambani ni za bure, na Mlima Elgon ulio jirani ndiko alikozaliwa Ben Jipcho, aliyeshinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Swali hilo ni la haki. Kijana mwenye nafasi asubuhi hana haja ya mashine. Barabara ya udongo humfunza zaidi. Lakini yuko mwuguzi anayefika nyumbani giza likiingia, yuko mama asiyejisikia salama kukimbia peke yake, na yuko mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi kila siku, mvua isinyeshe au inyeshe. Hao wana sababu nzuri ya kununua. Wengi wao hukosea kwa kuanza na bei, wakati nyumba yenyewe ndiyo inayoamua mashine gani itadumu.

Kipimo cha kwanza ni chumba. Mashine inataka sakafu ya saruji iliyo sawa. Sakafu ya udongo hubonyea upande mmoja, fremu ikakaa mshazari na mkanda ukaanza kuhama pembeni. Ubao wa kukimbilia huinuka sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni, na mkimbiaji huruka kidogo kwa kila hatua. Hivyo mtu wa sentimita 180 anahitaji dari ya sentimita 225 au zaidi. Katika nyumba ya mabati isiyo na dari, paa lipimwe pale hasa kichwa kitakapokuwa. Nyuma ya mashine ziachwe mita 2 tupu, kwa kuwa anayejikwaa hutupwa nyuma, na ukuta ukiwa karibu humbana kwenye mkanda ambao bado unazunguka.

Kisha stima. Nguvu-farasi moja ni wati 746, kwa hiyo mota ya nguvu-farasi 3 ikilemewa huweza kuvuta zaidi ya wati 2,200, karibu sawa na birika la umeme. Katika mwendo wa kawaida huvuta kidogo kuliko hapo. Ikivuta wati 700 kwa saa nzima, imekula uniti 0.7 za tokeni, na hilo haliwezi kumfilisi mtu. Hasara kubwa hutokana na stima inayopanda na kushuka, au inayokatika na kurudi kwa kishindo, kwa sababu bodi ya kielektroniki inayoongoza mota ni ghali na ni nyepesi kuungua. Mashine ichomekwe peke yake kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi, isigawane ekstensheni na pasi au birika. Kikingio cha volteji kiwe na uwezo wa kubeba mota yenyewe. Kile kidogo cha televisheni hakitoshi. Na kwa vile radi hupiga mara nyingi magharibi mwa Kenya, hasa alasiri za mvua, plagi ing'olewe kila mazoezi yanapokwisha.

Nyumba yenye sola ya taa, simu na redio tu haiwezi kuzungusha mota kama hiyo. Zipo mashine zisizo na mota, ambazo mkanda husukumwa na miguu. Zile bapa za bei ya chini zinafaa kutembelea tu. Zenye mkanda uliopinda kama bakuli ni nzuri kwa mbio, ila ni nzito na bei yake ni kubwa.

Dukani, nguvu inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi tu. Namba ya kuulizia ni nguvu ya kudumu: karibu nguvu-farasi 2 kwa anayetembea, 2.5 kwa anayekimbia polepole, na 3 kwa anayekimbia kwa bidii au mwenye mwili mkubwa. Mkimbiaji anahitaji mkanda wenye upana wa sentimita 50 na urefu wa 140, na aliye mrefu apate 150. Mkanda mfupi humfanya mtu afupishe hatua kwa hofu, na mwendo huo wa wasiwasi humwumiza. Uzito ulioandikwa kwenye mashine uzidi wa mtu mzito zaidi nyumbani kwa kilo 20 hivi.

Kasi haifai kumsumbua mnunuzi. Kilomita 12 kwa saa ni dakika 5 kwa kilomita, mwendo ambao wakimbiaji wengi wa kawaida hawauvuki. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna mwaka 2019, alikuwa anakwenda kilomita 21 kwa saa na zaidi, kasi ambayo mashine nyingi za nyumbani hazifiki. Mwinuko una faida kubwa zaidi. Watafiti wa Uingereza Andrew Jones na Jonathan Doust walionyesha mwaka 1996 kwamba kuinua ubao kwa asilimia 1 hufidia upepo ambao mkimbiaji wa nje hupambana nao.

Anayenunua ya mitumba Kitale au Bungoma asome kwanza kibandiko cha volteji. Iliyotoka Uingereza hutumia umeme na plagi kama za Kenya. Iliyotengenezewa Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa kwenye volti 240 huungua papo hapo. Ijaribiwe kwa dakika 10 ikiwa na mtu juu yake, kwani mota mbovu huzunguka vizuri ikiwa tupu.

Watoto ni jambo la kufa na kupona. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni mashine zake za Tread+ huko Marekani baada ya kifo cha mtoto. Ufunguo wa usalama, ule wenye kamba ya kubanwa kwenye nguo, ukiondolewa mashine haiwaki; basi ukae juu ya kabati wakati wote usipotumika.

Vumbi la Januari na Februari huingia chini ya mkanda na kwenye mota, hivyo kifuniko kifunguliwe na kupigwa brashi mara kwa mara, plagi ikiwa nje. Mkanda ukiinuliwa ukingoni na vidole vikagusa pakavu chini yake, umefika wakati wa mafuta ya silikoni. Oili ya gari huharibu mpira, na mafuta ya kupikia hushika vumbi. Mkanda ukihamia upande mmoja, skrubu ya nyuma ya upande huohuo hukazwa robo mzunguko, mashine ikienda polepole, kisha husubiriwa dakika moja kabla ya kukaza tena.