Godoro la upepo safarini: mwanao atalala juu ya nini?

Likizo ya Juni ikikaribia, familia nyingi za Mpanda hufunga mizigo. Wengi wanakwenda kuvuna, Mpimbwe au upande wa Mwese, na huko watalala kibandani wiki mbili au tatu. Wachache wanawapeleka watoto kuona viboko wa Mto Katuma katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wakipiga hema karibu na Sitalike, kilomita kama 40 kutoka mjini. Ni safari mbili tofauti kabisa, lakini katika zote mbili mtoto analala chini.

Siku hizi wapo wanaobeba godoro la upepo. Ukilitoa upepo na kulikunja vizuri linaingia ndani ya begi la mgongoni, na lile lililotengenezwa kwa ajili ya watembea kwa miguu lina uzito wa karibu nusu kilo tu. Usilichanganye na lile nene la kulaza wageni sebuleni. Hilo na pampu yake ni kilo kadhaa, na ukilibeba kutoka linaposhusha basi hadi shambani utajuta kulinunua.

Faida yake kubwa si ulaini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na Juni na Julai huku kwetu usiku una baridi ya kutosha kumwamsha mtoto. Blanketi zito halimsaidii sana, maana sehemu anayoilalia inabanwa na kuwa nyembamba kama kanga.

Julai mwaka jana nilipiga hema na mpwa wangu wa miaka tisa. Saa tisa usiku akanigusa bega: "Shangazi, mimi nimeshafika chini." Mwiba ulikuwa umetoboa godoro lake. Nikampa langu, na hapo nikapata jambo jingine la kujifunza: hata likiwa limejaa, lilikuwa baridi. Godoro lenye hewa tupu halizuii baridi vizuri, kwa sababu hewa inazunguka humo ndani na kupeleka joto ardhini. Yanayofaa ni yale yenye sponji au nyuzi ndani. Kama huna, tandika mkeka au sponji nyembamba juu yake.

Kuhusu miiba: okota kwanza kwa mkono, kisha tandika turubai, ndipo uweke godoro. Usilijaze likakaza kama ngoma, na mchana usiliache juani likiwa limejaa, maana hewa ikipata joto hutanuka na mishono huachia. Likitoboka, fanya kama fundi baiskeli: lipitishe kwenye beseni la maji, au lipake povu la sabuni, utaona mapovu yanapotokea. Beba viraka na gundi yake. Na moto wa kuotea uwe mbali nalo.

Sasa kwa wenye watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi 15 asilazwe juu ya godoro la upepo, hata akiwa katikati ya wazazi wawili. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani imelitolea onyo hili kwa sababu ya vifo vya watoto. Godoro hubonyea kwa uzito wa mtu mzima, mtoto anabingirika hadi kwenye bonde lile, uso unazama kwenye plastiki laini na hana nguvu ya kujigeuza. Wengine hubanwa kati ya godoro na ukuta. Likipungua upepo usiku, hatari inazidi. Mlaze chali, mahali tambarare na pagumu kidogo: sponji nyembamba isiyobonyea iliyotandikwa kanga ikavutwa vizuri, bila mto na bila nguo zilizorundikwa karibu na uso wake.

Chandarua chenye dawa kinabaki palepale. Pindo lake lichomeke chini ya godoro.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi kwa wanaokwenda mashambani ni papasi. Huyu si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi siku nyingi. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Asubuhi humwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kibanda kilichokaa kitupu tangu msimu uliopita si salama kwa sababu tu hakikuwa na watu.

Godoro la upepo lenye unene wa vidole vinne halimzuii. Analipanda. Kwenye kibanda cha udongo, bora kichanja cha miti kilichoinuliwa na kutenganishwa na ukuta, godoro likae juu yake. Kama hakuna kichanja, hema lenye sakafu iliyoshonwa, likipigwa nje mahali peupe, ni bora kuliko sakafu ya kibanda cha zamani.

Homa ya papasi ni ugonjwa wa siku nyingi. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliyekuwa akiuchunguza aliupata mwenyewe, akafia Kasongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Februari 1905. Bakteria anayeusababisha amepewa jina lake. Leo unatibika kwa dawa za antibiotiki, ilimradi utambuliwe. Kwa wajawazito unaweza kuharibu mimba, na kwa watoto wadogo unaweza kuua.

Shida ni kwamba unafanana na malaria. Homa kali, kichwa, mwili kuuma, kutapika, mara nyingi kama wiki moja baada ya kuumwa na papasi, wakati familia imesharudi mjini na shule zimekaribia kufunguliwa. Homa inashuka yenyewe baada ya siku chache, mzazi anapumua, kisha inarudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiuonyeshi. Unaonekana damu ikiangaliwa kwa darubini, hasa ikichukuliwa mtoto akiwa na homa.

Kwa hiyo mtoto akichemka baada ya safari, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na usingoje kuulizwa. Mwambie mhudumu alilala wapi, kwenye kibanda cha namna gani, usiku mangapi, na kama homa ilishawahi kushuka ikarudi. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, uliza kama damu inaweza kuangaliwa kwa darubini.